Mpangaji wa Topeni

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku chini kwenye joto. Mimi sijambo, goti ndilo lenye jambo. Mpwa wako hajambo, saluni yake inajaa watu tangu asubuhi, na kwa kuwa chumba alichonipa kiko nyuma ya saluni, nimeshajua mambo ya ndoa za mtaa mzima bila kumuuliza mtu. Wifi yangu hajambo? Lile bati la jikoni mlishalipigilia, au bado mnakinga mvua kwa sufuria?

Daktari anasema goti limeunga vibaya na mlima niusahau kwanza. Kwa hiyo nimekuwa mtu wa kukaa kitini na kugombezwa. Juzi mpwa wako kanifokea eti nimeacha birika linapiga mbinja mpaka maji yamekauka. Birika lenyewe bovu, halilii. Nikamwambia, mwanangu, umeuziwa birika bubu. Hata ndege wa huku ni mabubu. Kuna mti mmoja nje ya dirisha langu, vinatua vindege, vinakula, vinaondoka, havisemi neno. Mji gani huu?

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Dereva wa lori la maziwa alipita hapa, akakaa, akanywa chai yangu, kisha akaniambia kwa furaha, bila hata haya: "Siku hizi wageni wanamsifu mdogo wako, wanasema ndiye mwenye barabara."

Mwenye barabara! Barabara ile nimeitembea mimi kona kwa kona, tangu daraja la chini, katikati ya msitu wote, mpaka kule juu miti inakoishia na topeni kunakoanza. Wageni wa kutazama ndege walikuwa wanaandika kutoka kwao kuuliza kama nipo. Wewe ulikuwa unabeba chupa ya chai. Sisemi kwa ubaya, nasema ilivyokuwa.

Tena nasikia siku hizi mnaanza kwa kuwaonyesha wageni picha za ndege. Tafadhali usiharibu utaratibu wa baba. Kila kona watu wasimame, wafumbe macho, mkono kifuani. Ukisema "haya", kila mtu anyooshe vidole kwa idadi ya sauti alizosikia. Ndege asiyesikika hahesabiwi, basi. Baba hakuniita mimi Sikio kwa kunibembeleza. Wewe hakukupa jina lolote, na hukuwahi kulalamika.

Darubini yangu isiachwe kwenye unyevu.

Dada yako,
Sikio


27 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, kwa hiyo naamini dereva alikaa kweli. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema bati limepigiliwa, sasa linavuja pembeni badala ya katikati, nayo ni hatua. Mbuzi yule mkorofi amezaa. Baridi ni kali, asubuhi barabara inakuwa nyeupe mpaka jua lishike.

Darubini yako nimeifunga kwenye sweta la sufu na iko juu ya kabati. Siitumii. Natumia ile ya zamani ya baba yenye ufa.

Wageni wananisifu kwa sababu hawakukuona wewe. Wakija wa zamani, swali la kwanza ni "dada yuko wapi?" na nikisema yuko mjini, nyuso zinaanguka. Kwa hiyo kama unaumwa roho kwa habari za dereva, pumzika. Hondohondo wapo kona ya tatu, wanapita na kelele zao kama wanahama nyumba. Kurumbiza yule wa darajani ameoa tena.

Lipo jambo moja. Wiki iliyopita tulikuwa topeni na mgeni mmoja, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, ana mashine ya kunasa sauti. Ukungu ulipofunguka, nilimuona mpangaji. Mdogo kuliko ngumi ya mtoto, rangi ya tope lenyewe, nyusi nyeupe kama baba alivyosema. Akakaa juu ya shina la majani, akaimba. Mwalimu ameinasa sauti yake.

Nilitaka ulijue kutoka kwangu kabla dereva hajapita tena hapo.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata barua. Wifi yangu nimesikia salamu zake, naye mrudishie. Mpwa wako mzima. Goti liko vilevile. Salamu zimekwisha.

Unaandika mbuzi amezaa, bati linavuja, halafu pale mwisho, kama mtu anayeomba chumvi, unaniambia umemuona mpangaji! Hivi unajua unachokisema? Mpangaji wa baba? Yule ambaye baba alimsikia ujanani mwake akamuona mara moja tu, akampa jina hilo kwa sababu anaishi topeni na hajawahi kufungua mlango? Nimemtafuta kwenye jua na kwenye mvua. Nimelala kule na baridi imenipasua midomo. Baba mwenyewe kabla hajafa aliniambia, "Sikio, usijisumbue, mpangaji amehama, simsikii tena," nami sikukubali, niliendelea. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema nimeolewa na tope.

Sasa mimi nimeondoka, hata kiti changu hakijapoa, wewe unamuona. Ukungu umefunguka, akakaa, akaimba. Kirahisi hivyo. Haya bwana.

Nisikilize. Nina wivu, sikufichi, na sioni haya. Roho inaniuma mpaka chakula hakipiti. Lakini wivu pembeni, mimi nakujua wewe. Tangu utoto unasikia vitu visivyokuwepo. Mara ngapi tumesimama kona moja, mimi vidole vitatu, wewe vinne? Nikikuuliza cha nne nini, unasema kuna kitu kinalia kwa mbali, chembamba. Nikakuambia ni mdudu au ni upepo kwenye majani. Usije ukawa umewapa wageni mdudu ukamwita mpangaji.

Nijibu haya bila kuzunguka. Ulikuwa wapi hasa? Upande gani wa maji? Alisimama kwenye majani gani? Na tafadhali, mpaka nije, usimwambie mtu mwingine yeyote.

Sikio


30 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Mlima uliteremka kona ya tano, barabara ikafungwa, lori la maziwa halikupita mwezi mzima. Tulikunywa maziwa yote wenyewe mpaka wifi yako akasema asisikie hata neno maziwa. Mbuzi mtoto ni dume. Nimepata kikohozi, kimepona. Jirani yetu fundi wa redio amehamia bondeni, na tangu aondoke hakuna redio inayolia huku juu. Mkeka wako wa zamani panya wameuanza, nimeuhamisha.

Kuhusu habari ile. Nimeshachelewa kunyamaza, kwa sababu mwalimu ameipeleka sauti kwa wale watu wanaoandaa kitabu cha ndege wa mlima huu. Wamefurahi sana. Wanataka kuandika amepatikana tena, mahali gani na nani aliyempata. Nimewaomba mahali pasitajwe, wasije watu wakapakanyaga.

Umeniuliza nilikuwa wapi. Mahali ni topeni tu, dada. Naomba usiniulize zaidi ya hapo. Ukiniuliza mara kumi nitakujibu hivyo hivyo mara kumi.

Mwalimu ameniachia memori kadi yenye sauti yenyewe, naiweka humu ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye karatasi ya sigara za dereva. Isikilize.

Yule daktari wa goti ni mzuri? Anatibu goti tu, au anaangalia na mengine? Nauliza tu.

Mdogo wako


18 Mei

Mdogo wangu,

Salamu za kwenu nimezipata. Kwetu wazima. Mpwa wako ameajiri msusi mwingine, msichana mwenye mdomo mrefu, anamsema kila mteja akishatoka. Najua na mimi ananisema nikitoka, ndiyo maana sitoki.

Kwa hiyo "mahali ni topeni tu." Mimi niliyekufundisha kutofautisha ndege chozi mmoja na chozi mwingine, niliyekushika mkono ukiwa na kamasi nikakuvusha kwenye lile tope ili usizame, leo unaniambia mahali ni topeni tu! Umevimba kichwa kweli. Unadhani nitakuja na fimbo yangu usiku nikamuibe? Au unaogopa nikifika, wageni watakumbuka mwenye barabara ni nani?

Kadi yako sijaisikiliza wala sitaisikiliza. Iko kwenye droo pamoja na vibanio vya nywele. Sisikilizi ndege wa kwenye boksi.

Na usinipime na madaktari. Kichwa changu kizima.

Nikuambie na hili, usije ukalisikia kwa dereva. Nimewaandikia wale wenye kitabu. Anwani yao ninayo, wameshanilalia nyumbani mara ngapi? Nimewaambia wasichapishe kitu. Nimewaambia mdogo wangu ni mtu mwema lakini sikio lake si la kutegemewa, kwamba nimefanya naye kazi miaka yote na nimekuwa nikimsahihisha kila kona, na kwamba hata mahali penyewe anashindwa kupataja.

Sasa na wewe usilale.

Sikio


11 Juni

Dada,

Shikamoo. Wifi yako mzima. Mbuzi wazima.

Barua yako kwa wenye kitabu imefika. Wamenijibu kwa adabu kwamba kwa kuwa dada yangu, ambaye ndiye wanayemuamini, ana mashaka, wamesimamisha. Watatuma mtu wao mwenye kujua aje athibitishe msimu ujao. Wale wageni wa mwezi wa nane waliokuwa waje kwa ajili ya mpangaji wameahirisha. Wifi yako alikuwa ameshawasafishia chumba.

Sijawahi kukujibu vibaya maishani. Ukisema tatu, ni tatu. Ukisema upepo, ni upepo. Wageni wamenicheka nikiwa na ndevu zangu na nimecheka nao. Safari hii umeniumiza, dada, na nimekaa siku nyingi bila kuandika ili nisiandike nitakachojutia.

Nakuomba kitu kimoja tu. Itoe ile kadi kwenye vibanio, uisikilize. Lakini usiisikilize peke yako. Mpwa wangu awepo.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu au nianze na nini. Salamu basi. Hamjambo? Mpwa wako hajambo, ila analialia hovyo na mimi sitaki.

Nilipopata barua yako nilikasirika mara mbili. Kwanza kwa sababu una haki ya kukasirika, halafu kwa lile neno "usiisikilize peke yako", nikaona unanipangia. Nikasema sawa, hutaki nisikilize peke yangu, nitasikiliza na mtaa mzima. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa. Nikaingia na fimbo yangu, nikamwambia yule msusi mdomo mrefu azime muziki, achomeke kadi kwenye spika. Nikawatangazia: "Haya mama zangu, sikilizeni mdogo wangu alivyokwenda mlimani akanasa upepo."

Ikaanza. Nikasikia upepo. Nikasikia vyura, na mtu anakohoa, nafikiri ni wewe. Nikangoja. Upepo tena. Nikaanza kucheka, mdogo wangu, nilicheka kwa sauti, nikawageukia ili tucheke wote.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia alitoa kichwa na rola zake zote, akasema, "Heh! Kanalia kama sindano, lakini katamu!" Mwingine akauliza kipo kimoja au viwili. Yule mdomo mrefu aliacha kichwa cha mteja katikati, akaisogelea spika.

Nikamuuliza mpwa wako, "Wanazungumzia nini hawa?"

Akasema, "Mama, hicho kindege."

"Kipi?"

"Hicho kinacholia sasa hivi. Mama, si kimeshika chumba kizima? Hukisikii?"

Nikasema nasikia vyura.

Akazima spika. Wote wakaniangalia kwa huruma, nami huruma ya saluni siiwezi. Nikasema goti linaniuma, nikarudi chumbani. Baadaye nikaenda jikoni nikaliweka birika lile bovu motoni, nikasimama mbele yake. Mvuke ulitoka kwenye kile kitundu kwa nguvu, kifuniko kinatetemeka, na mpwa wako kutoka kule saluni akapiga kelele, "Mama, birika!" Mimi nilikuwa nimelikodolea macho na sikusikia kitu.

Kwa hiyo birika si bubu. Wala vindege vya dirishani si mabubu.

Nimelala kitandani nikipanga mambo, na kila nikilipanga moja, linatokea lingine. Kile kidole chako cha nne. Nakumbuka vizuri sasa. Miaka ya mwanzo tulikuwa sawa, mimi na wewe, vidole sawa. Halafu ukaanza kunizidi kimoja, nikakufokea mbele ya wageni. Halafu miaka hii ya mwisho tukawa sawa tena, nami nikajisifu kwamba nimekunyoosha. Hukunyooka wewe. Ulikuwa unanichungulia kwanza, kisha unakunja.

Na baba. "Mpangaji amehama, simsikii tena." Masikini baba yangu. Hakuhama mtu.

Wenye kitabu nimewaandikia tena jana. Nimewaambia asiyetegemewa ni mimi, wachapishe. Mpwa wako ndiye aliyeipeleka posta, kwa hiyo imekwenda.

Sasa nijibu. Hukukataa kunitajia mahali kwa ajili ya wageni. Ni kwenye jiwe langu, siyo? Lile la kule topeni, ninalokalia nikila.

Dada yako


25 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako nimeisoma nimesimama barabarani, lori halijaondoka, dereva akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, dada yangu amecheka saluni.

Ndiyo. Ni jiwe lako. Anakaa kwenye majani marefu nyuma yake, upande unaoegemeza mgongo. Amekuwa hapo miaka yote. Ulikuwa unakula mkate, yeye anaimba nyuma ya shingo yako, nami nakumiminia chai nikiwa sijui nifanye nini. Ningekuambia "sikiliza" ungesikiliza, na ningeuona uso wako. Sikuweza. Ulipoondoka ndipo nilipozunguka nyuma ya jiwe.

Vidole, ndiyo. Wageni walikuwa wamekuja kukuona wewe, dada. Kidole kimoja ni nini?

Wenye kitabu wameandika. Wanachapisha, na wametaka jina moja la aliyempata. Nilitaka kuwapa lako. Nilishaandika kabisa, wifi yako akaichukua ile karatasi akawashia moto wa chai. Akasema, "Mpende dada yako, lakini huyu ndege ni wako." Nimelala nikifikiri, na nimeona anasema kweli, nami nimechoka kukunja. Kwa hiyo jina ni langu. Ukinuna, nuna, ila njoo.

Barabara imefunguliwa. Dereva anasema atakupa kiti cha mbele na hatavuta sigara. Topeni tutakupeleka na punda wa jirani, taratibu. Darubini yako ipo kavu.

Mdogo wako


14 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefika salama. Dereva alivuta sigara, lakini alitoa mkono nje. Goti limevimba na daktari amenigomba, nami nimemgomba. Safari hii nilimuonyesha na masikio. Amenipa karatasi ya kwenda kwa mwenzake, na mpwa wako ameshaniwekea siku. Wakiweza kunirudishia birika tu, nitashukuru. Mwambie wifi yangu supu yake ndiyo iliyonifikisha, na kwamba ile habari ya kuwasha moto kwa karatasi yenye jina langu nimeisikia na nimeiweka moyoni.

Lazima nikuambie ilivyokuwa pale kwenye jiwe, kwa sababu wewe hukuona. Mliniketisha, punda akafungwa, ukungu ukapungua, nawe ukafumba macho, mkono kifuani, kama baba. Mimi sikufumba. Nifumbe ya nini tena? Nikageuka nyuma na darubini yangu, na nikamuona mpangaji juu ya shina lake, karibu kiasi kwamba ningeweza kumpulizia. Alifungua mdomo. Ndani ni njano, unajua hilo? Koo likavimba, mkia ukatetemeka, mwili mzima ukatetemeka, na mimi sikusikia kitu zaidi ya punda anayetafuna.

Halafu nikakuangalia wewe. Ulikuwa unatabasamu macho yamefumbwa, na polepole ukanyoosha vidole. Vinne. Hukunichungulia. Haki ya nani, sijawahi kumwonea mtu wivu maishani mwangu kama nilivyokuonea wewe pale, hata mwanamke aliyetaka kunichukulia mume. Nilitaka kukuzaba kofi. Bado ninao wivu huo, nimeshuka nao kwenye lori, niko nao hapa. Usidhani umeisha kwa sababu nilikukumbatia.

Hesabu hivyo hivyo. Kesho kona ya kwanza, kila kona, mbele ya mgeni yeyote. Usikunje kidole kwa ajili ya mtu, hata mimi nikirudi, hasa mimi nikirudi. Nawe siku utakapoanza kusema kuna kitu kimehama, niandikie kabla hujaamini.

Sasa jambo lenyewe. Ulipokuwa umefumba macho na kufurahia nafsi yako, chini ya lile shina, kwenye majani, palikuwa na mwingine. Rangi ya tope, nyusi zimefifia, hana makeke. Hakufungua mdomo hata mara moja. Alibeba unyoya mdomoni, akaingia mahali, akatoka bila unyoya, akaingia tena. Mpangaji ana mke, mdogo wangu, na mke anajenga. Baba hakumjua kwa sababu haimbi. Wewe hukumjua kwa sababu hiyo hiyo. Wote mlikuwa mmefumba macho kwa adabu.

Nilimuona mimi, nikanyamaza. Nimekula supu yenu jioni ile nimenyamaza, nimelala kwenu nimenyamaza, nimeshuka mlima wote huku nacheka peke yangu mpaka dereva akaniuliza kama naumwa. Waandikie wenye kitabu wasiwahi kufunga ukurasa. Waambie wako wawili, na wa pili ameonekana na dada yako mkubwa, kwa macho.

Najua utauliza kiota kiko wapi hasa, upande gani wa jiwe, kwenye majani yapi.

Mahali ni topeni tu.

Dada yako